Jinsi ya kufunga fitingi kwenye koili ya kupoozea bia ya nyumbani isivuje hata tone

Wakuu, naanza na kitu ambacho wengi hawakifikirii mpaka yawakute. Fitingi ya koili, yaani kile kiungo kinachounganisha paipu ya kopa (shaba) ya kupoozea na mpira wa maji, ikivuja, hasara sio maji, maji ya bomba yamwagike tu. Hasara ni pale tone linapoifuata paipu taratibu likashuka mpaka kwenye sufuria, kwenye maji ya kimea ambayo umeshayachemsha saa nzima, umeshayatia hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu), na sasa yameshuka mpaka digrii 30 au 40 hivi na hakuna moto tena wa kuua chochote kinachoingia. Lita 19 zinaharibika kwa matone ambayo hata hukuyaona. Mimi ilinitokea nikiwa bado mgeni wa hii kazi, nati moja niliikaza kwa mkono nikaona inatosha, siku ya nne nafungua ndoo inanuka siki. Nilimwaga yote. Ndio maana naandika hii kwa kirefu.

Mimi nimekulia Moshi, kule mbege ndizi zinachemshwa afu zinaachwa zipoe zenyewe, hakuna anayekimbizana na saa, kwasababu mbege inawataka wale wadudu wa hewani na wa kwenye ulezi, hao ndio wanaoichachua. Bia ya shayiri ninayopika hapa Texas inataka kinyume chake, unataka hamira moja tu uliyoichagua mwenyewe iingie na iwahi kabla hajaingia mwingine, kwahiyo unatoka digrii 100 unatakiwa ufike 20 haraka iwezekanavyo. Kifaa cha bei nafuu cha kufanya hivyo ni koili ya kopa, unaitumbukiza kwenye sufuria, maji baridi yanapita ndani ya paipu yanaondoka na joto. Wenyewe wanaita chila. Kuikunja koili yenyewe sio shida, unazungushia paipu laini kwenye ndoo ya rangi au mtungi wowote wa mviringo unaoingia ndani ya sufuria yako ukabakiza nafasi, basi. Kazi iko kwenye zile ncha mbili, pale kopa inapokutana na mpira wa maji.

JUA VIPIMO KABLA HUJATOA HELA

Hapa ndio watu wanapoteza pesa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote kwahiyo nisomeni taratibu.

Paipu ya kopa laini inayouzwa kwa roli, ile ya mafundi friji na AC, inapimwa upana wa nje. Ukiambiwa 3/8 ni inchi 3/8 kwa nje, karibu milimita 9.5. Lakini fitingi za kulehemu kwenye duka la mabomba zinatajwa kwa jina la kizamani ambalo halilingani na upana wa nje, unaongeza 1/8. Yaani paipu yako ya 3/8 inaingia kwenye fitingi ya kulehemu iliyoandikwa 1/4, na paipu ya 1/2 inaingia kwenye fitingi iliyoandikwa 3/8. Fitingi za kompresheni, zile za nati na ringi, zenyewe zinafuata upana wa nje kwahiyo 3/8 ni 3/8. Usibishane na muuza duka, katiza kipande cha paipu cha vidole vitatu uende nacho mfukoni, kiingize kwenye fitingi palepale kaunta.

La pili ni nyuzi, yaani ile mikato ya kuzungushia kwenye fitingi. Marekani mpira wa bustani una nyuzi zake peke yake, robo tatu ya inchi, nyuzi 11 na nusu kwa inchi. Nyuzi za mabomba za hukohuko Marekani za robo tatu ni 14 kwa inchi na zinachongoka kuelekea mbele. Nyuzi za Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza za robo tatu nazo ni 14 kwa inchi ila mchongo wake una pembe nyingine, 55 badala ya 60. Ukiziweka hizo tatu mezani unaona ni kitu kimoja, upana wa nje unatofautiana kwa nusu milimita tu, na balaa linaanzia hapo kwasababu zinaingiliana mzunguko mmoja au miwili unahisi zimekubali, unakaza kwa spana, unaua nyuzi za brasi (shaba ya njano). Kwahiyo kama uko Dar au Nairobi na ndugu yako anakuletea koili ya dukani kutoka Marekani, jua kabisa ile fitingi yake ya mwisho haitafunga kwenye bomba lako, kata uweke ya kwako. Dalili ni rahisi, nyuzi sahihi zinazunguka kwa vidole mizunguko mitatu minne bila kulazimisha. Zikigoma mapema acha.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kikatio cha paipu, kile kidogo cha gurudumu, bei yake ndogo na usikikwepe. Tupa ndogo au kisu cha kutolea makali. Msasa laini. Spana mbili, mojawapo iwe spana malaya, na nasema mbili kwasababu moja inashika na nyingine inakaza, ukitumia moja unaipinda kopa. Tepu nyeupe ya nyuzi. Kwa upande wa fitingi, kwa koili ya 3/8 inayofungwa kwenye mpira wa bustani wa Kimarekani unahitaji adapta mbili za kompresheni 3/8 kwenda nyuzi dume (za nje) za bomba nusu inchi, afu kichwa kimoja cha mpira cha jike (nyuzi ziko ndani) kinachozunguka chenyewe na kingine cha dume, vyote vya brasi. Jike ni pa kuingizia maji, maana mwisho wa mpira unaotoka bombani ni dume. Dume ni pa kutokea, ili ufunge mpira mwingine wa kupeleka maji nje. Ukinunua majike mawili utarudi dukani.

Aliyeko nyumbani Afrika Mashariki, kompresheni ya 3/8 kwenye maduka ya mabomba inasumbua kuipata, ila ukienda kwa wauza spea za friji utakuta nati za fleya za 3/8, zile zinazobana mdomo wa paipu uliotanuliwa, na yunioni zake, zinafanya kazi ileile vizuri sana. Nitaielezea chini.

HATUA YA 1: Kunja mikono ya koili (zile ncha mbili) kwanza, fitingi baadae

Huu ndio msingi wa yote na wengi wanaupindua. Kabla hujakata wala kufunga chochote, weka koili ndani ya sufuria yako, pandisha zile ncha mbili zinyooke juu, zivuke mdomo wa sufuria, zitoke nje kama sentimita 10 hivi, afu zikunje zielekee chini ili mwisho wake uwe chini kuliko mdomo wa sufuria. Sasa hata fitingi ikivuja siku moja, tone linaangukia chini sakafuni, haliwezi kupanda kilima kurudi kwenye bia. Koili nyingi nilizoziona ncha zake zinakatiwa juu ya sufuria kabisa na fitingi zinaning'inia juu ya mvuke, hiyo ni kuomba matatizo.

Tumia spring ya kukunjia ya saizi ya paipu. Kama huna, jaza chumvi kavu laini ndani ya paipu uishindilie, ziba ncha, kunja polepole, ukimaliza suuza kwa maji yanayotembea mpaka uhakikishe yanatoka bila ladha ya chumvi. Bila hivyo kopa inabonyea pale kwenye kona, na ikishabonyea maji hayapiti vizuri tena. Ncha zote mbili zielekee upande mmoja, na huo upande uwe mbali na pale moto wa jiko unapotokea pembeni, mpira wa plastiki haupendani na moto.

Bakiza sehemu iliyonyooka ya vidole vinne, kama sentimita 7, kabla ya mwisho wa paipu. Ringi ya kompresheni inataka paipu duara kamili, na pale palipokunjwa paipu huwa imegeuka yai kidogo, hata kama jicho halioni ringi inaona.

HATUA YA 2: Kata na utoe makali

Funga kikatio, zungusha, kaza kidogo, zungusha tena. Ukikaza sana mara moja unaibana paipu mdomo unakuwa mdogo. Msumeno wa chuma unakata pia lakini unaacha vumbi la kopa ndani na mdomo wa upande. Ukimaliza kukata toa makali ya ndani na nje, afu piga msasa kwa nje kuzunguka paipu mpaka ing'ae, usipige kwa urefu, maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa maji kupita chini ya ringi. Pitisha kidole, kisikwame popote.

HATUA YA 3: Nati, ringi, mwili

Ingiza nati kwenye paipu KWANZA, nyuzi zikitazama mwisho wa paipu. Alafu ringi. Alafu sukuma paipu ndani ya mwili wa fitingi mpaka igonge mwisho, ishikilie hapohapo isirudi nyuma hata kidogo, lete ringi na nati mbele, kaza kwa vidole mpaka igome. Hapo chukua spana mbili, moja ishike mwili wa fitingi isicheze, nyingine izungushe nati mzunguko mmoja kamili. Weka alama ya kalamu kwenye nati ili ujue umezunguka kiasi gani. Acha hapo. Usimalize nguvu zote, utaijaribu na maji kwanza, ikitoa unyevu unaongeza robo mzunguko, unajaribu tena, robo nyingine. Ringi ya brasi inaiuma kopa mara moja, ukishaizidishia nguvu inaibana paipu kiuno na hakuna kurudi nyuma, inabidi ukate hicho kipande uanze upya na ringi mpya.

Na tepu nyeupe? Kwenye nyuzi za kompresheni usiweke. Pale anayezuia maji ni ringi, sio nyuzi, tepu inakudanganya tu mkono uhisi umeshakaza wakati bado. Tepu inakwenda kwenye nyuzi za bomba, zile za nusu inchi upande wa pili wa adapta, mizunguko mitatu au minne, ukiangalia fitingi kwa mbele unazungusha kuelekea mkono wa saa ili ukikaza isijifungue. Na kwenye nyuzi za mpira wa bustani usiweke pia, pale kazi ni ya washa ya mpira iliyoko ndani ya jike. Sehemu tatu, vizuizi vitatu tofauti, ringi, tepu, washa. Mtu akikuambia fitingi yake inavuja, muulize tu tepu aliweka wapi, mara nyingi jibu linapatikana hapo.

Funga kichwa cha mpira kwenye adapta ukiwa umeishika adapta kwa spana, usiache nguvu iende kwenye kopa. Mimi nazifunga hizi mbili pembeni mezani kabla hazijaenda kwenye koili kabisa, ni rahisi zaidi.

KAMA UNATUMIA FLEYA

Huku nati inaingia kwanza pia, na ukisahau utajua ukishamaliza kutanua mdomo. Funga paipu kwenye ubao wa fleya, iache ichomoze kidogo tu juu ya ubao, tia tone la mafuta ya kupikia kwenye koni, zungusha polepole mpaka mdomo utanuke digrii 45. Utazame, uwe duara sawasawa, usiwe na ufa hata mwembamba kama unywele, ukiwa na ufa kata rudia. Hapa hakuna ringi wala tepu, kopa yenyewe ndio inayokaa kwenye brasi. Fundi friji yeyote wa mtaani atakufanyia ncha mbili kwa dakika chache, ila mwambie ni ya kinywaji, atumie paipu mpya kutoka kwenye roli iliyozibwa mdomo, paipu iliyotoka kwenye friji la zamani ina mafuta ya kompresa ndani na haitakiwi karibu na chakula.

KAMA UNALEHEMU

Ndio kiungo kigumu kuliko vyote na kikikaa kimekaa. Tumia risasi ya kulehemu isiyo na ledi, ile ya bati na antimoni inayoyeyuka karibu digrii 235 huko, sufuria yako haifiki kokote karibu na hapo. Ile ya kizamani yenye ledi Marekani ilishakatazwa kwenye maji ya kunywa tangu 1986, lakini kwenye maduka ya spea za redio bado ipo, usiichanganye. Safisha kwa msasa, paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) nyembamba, ingiza, pasha FITINGI kwa gesi sio risasi, gusa risasi upande wa pili wa moto, ikinyonywa yenyewe ndani umepata. Toa washa zote za mpira kabla ya moto. Ikipoa osha flaksi kwa maji ya moto na sabuni, usiiache.

NJIA YA MPIRA NA KLIPU

Kuna watu watasema kwanini haya yote, si unavuta mpira juu ya kopa unafunga klipu. Ni kweli inafanya kazi na mahali pengine ndio njia bora. Kama maji yako yanatoka kwenye tenki la juu ya nyumba, tenki likiwa mita 3 juu yako una kama 0.3 ya bar tu, wakati nyumba nyingi za Marekani bomba linatoa 3 mpaka 4, mara kumi zaidi. Kwa nguvu ya tenki klipu inashika bila shida. Loweka mwisho wa mpira kwenye maji ya moto dakika moja ulainike, usukume uingie sentimita 3 au 4, funga klipu ya skrubu. Nashauri utanue mdomo wa kopa kidogo tu kwa fleya, au uache ringi ya kompresheni iliyokwisha kubanwa iwe kama shingo, afu klipu ikae nyuma yake, mpira hauchomoki.

Upande wa kutokea ndio wa kuogopa. Maji ya mwanzo yanatoka yakiwa ya moto karibu ya kuchemka, plastiki ya kawaida inalainika na mpira unateleza wenyewe, maji ya moto yanaruka hovyo. Weka mpira wa silikoni upande huo. Kuna watoto wanapita jikoni, na hapa sina utani.

KWA WENYE MAJI YA VUGUVUGU

Hapa Texas mwezi wa saba bomba langu linatoa maji ya digrii 28, na nadhani Dar na Mombasa mnanielewa. Maji ya 28 hayawezi kukushusha mpaka 20, hata uache siku nzima. Mimi nashusha mpaka 38 hivi kwa maji ya bomba, afu nahamisha mpira kwenye pampu ndogo ya kutumbukiza iliyoko ndani ya ndoo ya barafu, maji yanazunguka yanarudi ndoo hiyohiyo. Kwa hiyo fitingi inayozunguka kwa mkono ni muhimu, utakuwa unafungua na kufunga katikati ya kazi. Maji ya barafu kwenye hewa ya unyevunyevu yanafanya paipu itoe jasho kwa nje, na lile jasho linateremka kwenye paipu mpaka ndani ya sufuria. Funga kitambaa safi kwenye mkono wa kuingizia, hapo karibu na mdomo wa sufuria, kinyonye.

HATUA YA 4: Ijaribu kavu kabla ya siku ya kupika

Weka koili kwenye sufuria tupu iliyokauka kabisa. Zungushia karatasi ya tishu kwenye kila kiungo. Fungua bomba mpaka mwisho, minya mpira wa kutokea kwa mkono uache maji yapite kidogo ili presha ipande, subiri dakika tano. Tishu inaonyesha unyevu ambao jicho haliwezi kuona. Ikilowa, robo mzunguko. Ikiendelea kulowa baada ya robo mbili, fungua utazame, mara nyingi ringi imekaa upande au kuna mkwaruzo. Angalia na ndani ya sufuria, pakiwa na maji basi kopa yenyewe ina tundu, pengine ulipokunja.

Ukiwa unapoza, bomba la kupunguzia maji liwe upande wa kuingizia peke yake. Usiweke koki wala pua ya kunyunyizia kwenye mpira wa kutokea, ukiifunga tu presha yote ya bomba inakaa kwenye viungo vyako vikiwa juu ya bia.

SIKU YENYEWE

Osha koili kwa siki iliyochanganywa na maji kama ina ukijani, ule ukijani ni sumu, suuza. Itumbukize kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto, kule kuchemka kunaisafisha. Mpira wa kutokea uwe umeshafungwa na mwisho wake uko mbali na watu, kwasababu maji yaliyobaki ndani ya koili yanageuka mvuke yanatoka kwa kishindo. Kwahiyo usizibe ncha hata moja. Zima moto, fungua maji, na isogezesogeze koili taratibu muda wote, hilo linapunguza muda kuliko hata kuongeza urefu wa paipu, maana maji ya kimea yaliyogusana na kopa yanapoa afu yanakaa hapohapo yasipokorogwa. Wakati inashuka pitisha kidole kavu chini ya kila fitingi kila baada ya dakika chache.

Ukimaliza toa maji ndani kwa kupuliza. Kwa wenye majira ya baridi kali ni lazima, maji yakiganda ndani ya paipu yanaipasua, na nyuzi za brasi zikiwa na maji zinashikana. Ning'iniza ncha zikiangalia chini. Washa za mpira zikishakuwa ngumu zinapasuka, weka mbili za akiba kwenye droo, zinauzwa senti tu.